Borley, 1937: waangalizi 48 na kitabu cha buluu kilichowatangulia mlangoni

Tarehe 25 Mei 1937 gazeti la The Times la London lilitoa tangazo dogo. Walitafutwa watu wenye nafasi na akili timamu, majasiri, wenye kuhoji na wasioegemea upande, wajiunge na zamu ya kuchunguza usiku na mchana, kwa mwaka mzima, nyumba iliyosemekana kuwa na mizimu. Mwenye ujuzi wa sayansi au wa kutumia vipimo vyepesi angefaa zaidi. Nyumba ilikuwa kitongojini, mbali na watu, hivyo kila mmoja aje na gari lake. Na maelekezo yaliyochapwa yangetolewa.

Ahadi hiyo ya mwisho, ya maelekezo yaliyochapwa, ndiyo inayonifanya nikirudie kisa hiki kila ninapowaona vijana wakiingia majengo makuukuu usiku na kamera na vinasa sauti. Kwa kawaida kisa cha Borley, ndiyo nyumba ya tangazo hilo, hujadiliwa kwa swali moja: je, Harry Price, mchunguzi wa mizimu aliyelitoa, alikuwa mwongo? Swali hilo lina mahali pake, nami nitalifikia. Lakini naamini uchunguzi wa mwaka ule ungeanguka hata kama kila aliyehusika angekuwa mkweli kama malaika, kwa sababu uliharibika kabla mwangalizi wa kwanza hajageuza ufunguo.

Nyumba yenyewe kwanza. Ilikuwa nyumba ya kasisi wa parokia ya Borley, kijiji kidogo cha Essex karibu na mpaka wa Suffolk. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 na Kasisi Henry Dawson Ellis Bull, mtu mwenye watoto 14, akaiongezea ubavu mwingine hadi ikafika vyumba 23. Haikuwa na gesi wala umeme, na maji yalitoka kisimani. Kengele za kuwaita watumishi zilivutwa kwa waya mrefu uliopita kutani na kwenye dari, kutoka kila chumba hadi jikoni. Panya walikuwa tele. Kando yake, kwenye uwanja uleule, palikuwa na kijumba kilichokaliwa na watu wengine. Mtu akiyashika mambo hayo manne tu, yaani giza, waya, panya na majirani, tayari ana nusu ya kazi mkononi.

Hadithi za mizimu zilianzia kwa familia ya Bull. Tarehe 28 Julai 1900 mabinti wanne wa kasisi walisema wamemwona mtawa bustanini wakati wa jua kuzama. Simulizi za kijijini zilikuwa na mtawa aliyependana na mmonaki wa monasteri ya kale iliyokuwa mahali hapo, akaadhibiwa kwa kuzibwa ukutani akiwa hai. Monasteri hiyo haina msingi wowote wa kihistoria. Lakini tazama jinsi simulizi inavyojitafutia vielelezo: dirisha moja la chumba cha kulia lilikuwa limezibwa kwa tofali, ikasemwa lilizibwa kwa sababu mtawa alizoea kuchungulia familia ikiwa mezani. Dirisha hilo lilitazama barabara. Mtu yeyote ambaye chumba chake cha kulia kinachunguliwa na wapita njia anajua kwa nini angeliziba.

Mwaka 1928 alihamia Kasisi Guy Eric Smith na mkewe. Waliliandikia gazeti la Daily Mirror wakiomba waunganishwe na Society for Psychical Research, chama cha watafiti wa mambo haya kilichoanzishwa London mwaka 1882. Gazeti likamtuma mwandishi wake, kisha likamleta Price. Alifika tarehe 12 Juni 1929, na siku ileile vitu vikaanza kurushwa: mawe madogo, chombo cha maua, na mengineyo ambayo hayakuwahi kutokea hapo kabla. Alipoondoka, yakakoma. Baadaye mke wa Smith alisema wazi kwamba alimshuku Price mwenyewe, na mwandishi mmoja wa gazeti jingine alisema vivyo hivyo kuhusu vijiwe.

Waliofuata ni Kasisi Lionel Foyster na mkewe Marianne, walioishi pale kuanzia Oktoba 1930 hadi Oktoba 1935. Huo ndio wakati wa vurugu kubwa: kengele kulia zenyewe, chupa kurushwa, milango kujifunga, na maandishi ya penseli kutani yakimwomba Marianne msaada. Price aliyakadiria matukio ya miaka hiyo kuwa kama 2000. Alipowatembelea mwaka 1931 aliondoka akiamini kwamba Marianne ndiye anayeyafanya, na aliyaandika hayo katika barua zake binafsi. Katika vitabu alivyouza baadaye, shaka hiyo ilififia sana.

Basi mwaka 1937 nyumba ikiwa tupu, Price akaipanga kwa mwaka mmoja kwa pauni 30. Barua zaidi ya 200 zilijibu tangazo lake. Akachagua watu 48, wengi wao wanafunzi, walioenda hasa siku za mwisho wa juma, kwa gharama zao wenyewe. Ni watu wa kuheshimiwa hao. Mmoja wao, mhandisi Sidney Glanville, alichora ramani za nyumba na kunakili maandishi ya kutani kwa uangalifu ambao timu nyingi za leo hazina. Ninaposema uchunguzi uliharibika, siwalaumu wao hata kidogo.

Kilichouharibu ni kijitabu chenye jalada la buluu alichopewa kila mwangalizi.

Sehemu ya kwanza ya kijitabu hicho ni ya busara. Ukifika, ipekue nyumba yote, funga milango na madirisha, na ukiona haja uyatie lakiri. Pita kila chumba kwa vipindi. Andika saa kamili ya kila sauti. Kengele ikilia, kimbilia ubao wa kengele ujue ni ya chumba kipi. Ukikutana na umbo, usilisogelee. Tazama linavyotoweka, liulize jina lake, umri wake, limetoka wapi, lina shida gani na lingesaidiwa vipi. Ukisoma maelekezo hayo unaona mtu aliyekaa akafikiri.

Ila kijitabu hakikuishia hapo. Kilieleza pia mambo yaliyosemekana kutokea ndani ya nyumba hiyo, aina kwa aina: nyayo, kengele, kugonga, harufu, mianga, vitu kuhama, maumbo. Kilitaja mahali pia. Mwangalizi aliambiwa atumie sehemu ya muda wake katika Chumba cha Buluu, kwa kuwa huko ndiko mengi yalikotokea, na aketi kwenye kibanda cha bustani kinachotazamana na Njia ya Mtawa. Aliambiwa azime taa zote mara kwa mara akae gizani. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetoka mjini Ijumaa, ambaye jana yake hakujua lolote kuhusu Borley, alifika Jumamosi akijua asikilize nini, wapi, na amngojee nani.

Sasa mweke kijana huyo gizani, ndani ya nyumba ya vyumba 23 yenye mbao zinazopoa baada ya jua la mchana, na panya juu ya dari. Atasikia nyayo. Hajadanganya: amesikia mbao, akili yake ikazipa jina lililokuwa limeshaandikwa. Mwenzake wiki ijayo naye atasikia nyayo. Kisha mhariri wa taarifa ataziweka taarifa mbili pamoja na kusema: watu wawili wasiojuana wamesikia kitu kilekile. Kweli hawajuani. Lakini wote wawili wamesoma ukurasa mmoja, na hapo makubaliano yao hayana tena uzito wa ushahidi. Hili ndilo tatizo la msingi la Borley. Hakuna kipimajoto wala kamera iliyoweza kuliponya.

Alama za kutani zinaonyesha jambo hilo kwa ukaribu zaidi. Kuta zilikuwa tayari na maandishi ya enzi za Marianne, pamoja na michoro midogo na mikwaruzo isiyohesabika ya familia zilizopita. Waangalizi waliagizwa wazitafute alama za penseli, kila wanayoiona waizungushie duara na kuandika tarehe, ili ikitokea mpya ijulikane. Kwa haraka haraka unaona ni mbinu safi. Lakini duara linaonyesha kwamba mtu aliiona alama siku ile. Halionyeshi kwamba alama iliandikwa siku ile. Ukipita ukutani na mshumaa, mwanga ukitoka kushoto, mstari hafifu wa penseli haupo. Urudi saa moja baadaye mshumaa ukiwa kulia, mstari upo. Utaapa kwamba haukuwepo, na utakuwa unaapa kwa moyo mweupe. Zaidi ya hapo, kadiri alama zilivyozungushiwa duara ndivyo kila mwangalizi alivyozidi kukodolea macho kuta, na kadiri alivyokodoa ndivyo alivyoziona nyingine. Ongezeko la alama lilipima ongezeko la macho. Ingewezekana kulikata tatizo hilo mapema kwa kupaka chokaa chumba kimoja, kukifunga, na kungoja. Au kukipiga picha kila ukuta kwa taa moja iliyosimama mahali pamoja.

Na usalama wa nyumba? Kufunga milango ya nyumba ile kwa watu wawili watatu wa wikendi ilikuwa kazi ngumu: madirisha mengi, milango ya nyuma, ua wa katikati unaorudisha mwangwi, na kijumba chenye watu hatua chache tu. Kati ya zamu moja na nyingine nyumba ilibaki haina mtu. Kitu kilichohama kutoka Jumatatu hadi Ijumaa hakiwezi kuitwa kitu kilichohama chenyewe.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni hatima ya usiku ambao haukutokea kitu. Zamu nyingi zilikuwa hivyo. Watu walikaa, wakanywa chai, wakazunguka vyumba, wakaandika kwamba hawakusikia lolote, wakarudi kwao. Kwa mtafiti, saa hizo ni dhahabu, kwa sababu bila kuzijua huwezi kusema chochote kuhusu saa zenye tukio. Kugonga mara moja dirishani katika saa 10 na kugonga mara moja katika saa 1000 ni habari mbili tofauti kabisa. Lakini kitabu cha Price cha mwaka 1940, kilichoipa nyumba hiyo sifa ya kuwa na mizimu kuliko zote Uingereza, kilihitaji matukio. Kurasa zilikwenda kwa matukio; ukimya ukabaki kwenye majalada.

Linganisha na mtu mmoja wa Coventry. Vic Tandy alikuwa mhandisi katika karakana ya vifaa vya hospitali iliyosemwa kuwa na mzimu. Usiku mmoja, akiwa peke yake, alitokwa jasho baridi, akahisi kuna mtu, akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho, alipogeuka likatoweka. Siku iliyofuata alileta upanga wake wa michezo ili aurekebishe, akaubana kwenye jiliwa, na ncha yake ikaanza kutikisika yenyewe. Alichofanya baada ya hapo ndicho ambacho hakikufanywa Borley kwa mwaka mzima: aliubadilisha mahali. Akausogeza upanga ndani ya karakana, akaona mtikisiko unakua katikati ya chumba na kufa kuelekea ukutani. Hilo lilimwambia kuna wimbi la sauti lililosimama humo. Chanzo kilikuwa feni mpya ya kutolea hewa. Ilipozimwa, mtikisiko ukaisha. Alikadiria sauti hiyo kuwa na mitetemo kama 19 kwa sekunde, chini kidogo ya inayosikika na sikio, na mwaka 1998 yeye na Tony Lawrence walichapisha makala kuhusu kisa hicho. Feni ya Tandy haielezi mizimu yote, na majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba sauti za chini huleta mizuka popote zilipo. Ninachokishika ni mwenendo wake: alihisi, akashuku kitu kinachoweza kuguswa, akakigusa, akaona kama hali inabadilika.

Pale Borley waangalizi walikaa wakingoja. Hakuna aliyezikata waya za kengele za ubavu mmoja aone kama za upande huo bado zinalia. Panya hawakusafishwa kwanza. Wala hapakuwa na nyumba ya pili ya kulinganishia, ya umri na ukubwa uleule lakini isiyo na sifa ya mizimu, iliyowekewa watu wenye kijitabu kilekile chenye orodha ileile. Ningetoa picha zote za Borley kwa ajili ya taarifa ya nyumba hiyo ya pili.

Njia bora imeshaonyeshwa. Mwaka 2003 Richard Wiseman na wenzake walichapisha katika British Journal of Psychology uchunguzi wa kasri la Hampton Court na wa vyumba vya chini ya South Bridge, Edinburgh. Huko Edinburgh watu waligawiwa vyumba bila kuambiwa vipi vina sifa ya mizimu, kisha wakaandika walichohisi. Matokeo hayakuwapendeza wenye kubeza peke yao: hisia za ajabu zilikuwa nyingi zaidi katika vyumba vyenye sifa, hata kwa wasiojua. Watafiti wakaenda mbele wakapima vyumba vyenyewe, na wakaona hisia hizo zinafuatana na mambo kama mwanga na kimo cha dari. Maana yake ni kwamba baadhi ya mahali huwatia watu hofu kwa umbo lake, na simulizi huja baadaye kukaa juu ya hofu hiyo. Swali kama hilo lilikuwa linajibika kabisa mwaka 1937, kwa watu 48 na mwaka mzima. Lilihitaji tu kijitabu cha buluu kibaki mezani kwa Price hadi zamu ziishe.

Yaliyofuata baada ya upangaji yalikwenda kwa kasi. Machi 1938 binti wa Glanville aliendesha vikao vya kibao cha kuandikia, kile kinachosemekana kuandika ujumbe wa roho, huko Streatham, London. Katika kimoja alijitokeza mtawa Mfaransa aitwaye Marie Lairre, akidai aliuawa Borley mwaka 1667. Katika kingine, tarehe 27 Machi, roho nyingine ilitangaza kwamba nyumba ingeungua usiku uleule na mifupa ya mtawa ingeonekana. Haikuungua. Iliungua tarehe 27 Februari 1939, miezi 11 baadaye, mmiliki mpya akisema alipiga taa ya mafuta kwa bahati mbaya alipokuwa akifungua masanduku ya vitabu. Kampuni ya bima iliona moto huo uliwashwa makusudi. Hata hivyo utabiri ulihesabiwa kama umetimia. Agosti 1943 Price alichimba chini ya nyumba akapata vipande vichache vya mifupa, akavitangaza kuwa vya mwanamke kijana, na mwaka 1945 vikazikwa kwa heshima za dini katika kijiji jirani cha Liston. Wanakijiji walikuwa na maoni mengine: walisema ni vya nguruwe. Na Aprili 1944, magofu yakibomolewa, mpiga picha wa jarida la Life alinasa tofali likiwa hewani. Price alilichapa kama jambo lenye uwezekano wa kuwa kazi ya roho. Mtafiti wa jarida hilo, aliyekuwepo siku hiyo, alieleza baadaye kwamba nyuma ya ukuta palikuwa na fundi anayerusha matofali.

Utaona mtindo ni uleule wa kijitabu. Jibu linatangulia, kisha kinatafutwa kitu chochote kinachoweza kulikaa.

Price alifariki mwaka 1948. Mwaka 1956 Eric Dingwall, Kathleen Goldney na Trevor Hall walitoa ripoti yao kupitia Society for Psychical Research. Walizipitia nyaraka zake wakaona tofauti kati ya alichoandika faraghani na alichochapa, wakaeleza sehemu kubwa ya matukio kwa panya, mwangwi, watu na simulizi, na wakamtia Price mwenyewe katika orodha ya washukiwa. Mwaka 1969 Robert Hastings aliijibu ripoti hiyo katika chapisho la chama kilekile, akimtetea Price dhidi ya tuhuma za kughushi, na baadhi ya hoja zake si za kupuuzwa: watatu wale walikuwa wakali, na marehemu hakuwa na nafasi ya kujibu. Mimi niko tayari kumpa Price yote ambayo Hastings alimwombea. Mwondolee vijiwe vya 1929, mwondolee shaka ya mifupa na ya tofali. Bado orodha ya matukio iko mikononi mwa mwangalizi kabla hajaingia, nyumba ya kulinganishia haipo, na saa za ukimya hazijahesabiwa. Taarifa za waangalizi hao ziko London, katika makusanyo ya Price kwenye maktaba ya Senate House. Kazi ambayo mtu bado anaweza kuifanya nazo ni kuhesabu ni ngapi zinazotaja jambo lisilokuwamo kabisa ndani ya kile kitabu cha buluu.